Pembe ya Mpindo ni Ipi? Istilahi za Nuru na Mtihani wa Hesabu

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba taaluma za sayansi umedumu kwa miongo mingi, na kwa kawaida umeendeshwa kwa namna mbili. Upande mmoja huhesabu istilahi zilizokwisha kuundwa na kuonyesha kwamba ghala limejaa. Upande wa pili huhesabu zile ambazo bado hazijapatikana na kuonyesha kwamba ghala ni tupu. Pande hizi mbili, pamoja na uhasama wao, zinakubaliana katika jambo moja ambalo halijathibitishwa: kwamba istilahi ni kitu cha kuhesabiwa.

Makala hii inashikilia rai tofauti. Istilahi ya sayansi haithibitiki kwa kuorodheshwa kamusini, bali kwa kutumika katika kazi ambayo sayansi yenyewe huifanya. Katika fizikia kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni kupima na kukokotoa. Neno ambalo mwanafunzi hawezi kulitumia kufikia jibu sahihi bado halijawa istilahi, hata kama limepitishwa na kamati na kupigwa chapa.

Rai hii itajadiliwa kwa kutumia mada moja ndogo, nayo ni ukokotoaji wa pembe za uakisi na mpindo wa nuru. Mada hii imechaguliwa kwa sababu hisabati yake ni nyepesi, vifaa vyake ni kioo, maji, rula na bikari, na makosa yanayofanyika ndani yake huacha alama inayosomeka. Jibu lisilo sahihi katika hesabu ya pembe si bahati mbaya. Mara nyingi linaonyesha ni neno lipi lililoeleweka vibaya. Kwa mwanaisimu hiyo ni data adimu, na ni jambo la kusikitisha kwamba haijatumiwa ipasavyo.

2.0 Istilahi Zisizofanyishwa Kazi

Nchini Tanzania kazi ya kuunda istilahi haikukosa vyombo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1990 Taasisi hiyo ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kabla ya hapo, mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Hali hii ilizaa mpasuko ambao athari zake zinaonekana mpaka sasa. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili kwamba nuru huakisiwa na kioo na hupinda inapoingia majini. Anapoingia sekondari huanza kukokotoa pembe hizo kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili kimemwachia maelezo bila hesabu, na Kiingereza kimempa hesabu bila maelezo ya kutosha. Istilahi za Kiswahili za ngazi ya juu zimebaki baina ya jalada na jalada, hazina mwanafunzi wa kuzikosea. Na neno ambalo halijakosewa na mtu yeyote ni neno ambalo ubora wake haujulikani.

Wasomi wa istilahi wameijaza nafasi hiyo kwa vigezo vya kiisimu: neno liwe fupi, lifuate sarufi, lizae maneno mengine, liwe la asili ya Kibantu kwanza kabla ya kukopa kwingineko. Vigezo hivi havina ubaya. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kinachouliza swali ambalo mwalimu wa fizikia angeliuliza kwanza: je, mwanafunzi akilisikia neno hili, atapima pembe gani?

3.0 Uakisi: Kosa Linalojificha

Sheria ya uakisi ni nyepesi kutamka. Pembe ya mtuo ni sawa na pembe ya uakisi, na mwale unaotua, mwale ulioakisiwa na mstari unaosimama kwa pembemraba juu ya uso wa kioo mahali mwale ulipotua, vyote vimo katika bapa moja. Neno uakisi lenyewe halina mgogoro. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio alioutumia Ibn al-Haytham, mtaalamu wa nuru aliyefanya kazi Kairo katika karne ya 11. Tatizo limo katika neno pembe.

Kila pembe huwa baina ya mistari miwili. Tuseme mwale unatua juu ya kioo na kufanya nyuzi 35 na uso wa kioo. Mwanafunzi anayedhani kwamba pembe ya mtuo hupimwa kutoka kwenye kioo ataandika nyuzi 35, kisha atachora mwale ulioakisiwa ukifanya nyuzi 35 na kioo upande wa pili. Mchoro wake utakuwa sahihi kabisa. Mwalimu ataupa alama zote, ingawa pembe ya mtuo ni nyuzi 55, kwa kuwa hupimwa kutoka kwenye ule mstari wa pembemraba. Kosa limejificha kwa sababu pande zote mbili za usawa zimekosewa kwa kiasi kile kile. Lingefichuka tu kama angeulizwa pembe baina ya miale miwili kwa kutumia pembe ya mtuo: jibu ni mara mbili ya 55, yaani nyuzi 110, lakini yeye angesema 70.

Hapa pana suala la jina la mstari huo. Wapo wanaouita mstari wima. Jina hili linafaa maadamu mfano ni maji yaliyotulia ndani ya beseni, maana hapo mstari husimama kweli. Lakini kioo kikitundikwa ukutani, mstari huo unalala. Mwanafunzi aliyeambiwa achore mstari wima ataufuata ukuta, naye atapima pembe isiyotakiwa kwa utiifu kamili. Kuuita mstari wa kawaida, kwa kufuata sura ya nje ya jina lake la Kiingereza, ni vibaya zaidi, kwa kuwa hakuna kinachoelezwa. Katika makala hii utaitwa mstari mraba, kwa kuwa unafanya pembemraba na uso popote uso ulipoelekea. Neno mstari mraba halina uzuri wa pekee. Faida yake ni moja tu: linamwambia mtu aweke wapi kipimapembe.

4.0 Mpindo: Kosa Linalofichuka

Uakisi unasamehe, mpindo hausamehi. Nuru inapotoka hewani na kuingia majini hubadili mwelekeo, na sheria yake ni kwamba saini ya pembe ya mtuo ikigawanywa kwa saini ya pembe ya mpindo, hupatikana namba isiyobadilika. Kwa nuru inayotoka hewani kuingia majini namba hiyo, yaani kielezo cha mpindo, ni takriban 1.33. Tuchukue mwale unaofanya nyuzi 60 na uso wa maji. Pembe ya mtuo ni nyuzi 30, ambayo saini yake ni 0.5. Gawanya kwa 1.33, hupatikana 0.376, na pembe yenye saini hiyo ni nyuzi 22.1. Yule mwanafunzi aliyepata alama zote katika uakisi sasa atachukua 60 moja kwa moja, saini yake 0.866, agawanye kwa 1.33 apate 0.651, na kuandika nyuzi 40.6. Kosa lake ni la zamani, lakini halina tena pa kujificha.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo linatokana na neno mpindo. Kupinda, kwa mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili, ni kuacha unyofu. Fimbo iliyopinda huulizwa imepinda kiasi gani, na jibu ni tofauti baina ya mwelekeo wake wa kwanza na wa pili. Mwanafunzi akiulizwa pembe ya mpindo katika mfano wa hapo juu, akili yake ya lugha itamwongoza kutoa 22.1 katika 30 na kujibu nyuzi 7.9. Amekosea katika fizikia, ila katika Kiswahili hakukosea. Mwenzake, aliyezoea kupima kutoka kwenye uso wa maji, atajibu nyuzi 67.9. Jibu linalotakiwa ni 22.1. Neno moja limezaa pembe tatu, na kila moja ina mantiki yake.

Mtaalamu wa istilahi anaweza kushawishika kulitupa neno mpindo na kuleta jingine, mathalani mkengeuko. Hapo ataangukia shimo jipya. Fizikia inazihitaji pembe zote mbili: ile ya 22.1, iliyo baina ya mwale uliopinda na mstari mraba, na ile ya 7.9, ambayo ni kiasi ambacho mwale umeacha njia yake ya kwanza. Pembe hii ya pili ndiyo inayostahili kuitwa pembe ya mkengeuko. Mkengeuko ukishafanywa jina la tukio zima, kipimo hiki kitabaki bila jina, na anayekokotoa njia ya nuru ndani ya mche wa kioo atakwama. Kwa hiyo dosari haiondoki kwa kubadili neno. Inaondoka kwa kufafanua: pembe ya mpindo ni pembe iliyo baina ya mwale uliopinda na mstari mraba, upande wa kitu ambacho nuru imeingia. Fasili hiyo ikishikwa, neno lo lote litafanya kazi. Ikiachwa, hakuna litakalofanya.

Mtego wa tatu umo katika kivumishi. Darasani husemwa kwamba nuru ikitoka katika kitu chepesi kuingia katika kitu kizito hupinda kuelekea mstari mraba. Sentensi hii inaonekana kweli mpaka yaletwe mafuta ya kupikia. Mafuta huelea juu ya maji, kwa hiyo kwa maana ya kila siku ni mepesi kuliko maji. Lakini kielezo chake cha mpindo ni takriban 1.47, kikubwa kuliko cha maji. Nuru ikitoka majini na kuingia katika mafuta hupinda kuelekea mstari mraba, kinyume na vile neno nyepesi lingemfanya mwanafunzi atarajie. Sentensi iliyo salama ni ile inayotaja kielezo chenyewe: nuru huelekea mstari mraba inapoingia katika kitu chenye kielezo kikubwa zaidi. Ni ndefu kidogo, lakini haidanganyi.

5.0 Sheria Iliyotangulia Jina Lake

Yamkini itadaiwa kwamba hesabu hizi zinategemea mno istilahi za kigeni, na kwamba bila saini na ndugu zake hakuna la kufanya. Historia ya sheria ya mpindo inaonyesha vingine.

Ptolemy, aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri katika karne ya 2, aliacha jedwali la pembe za nuru inayoingia majini kutoka hewani. Kwa pembe ya mtuo ya nyuzi 10 aliandika 8. Kwa 30 aliandika 22.5, kwa 60 aliandika 40.5, na kwa 80 aliandika 50. Sheria inayotumika leo, kwa kielezo cha 1.33, inatoa 7.5, 22.1, 40.6 na 47.8. Namba zake za katikati zinakaribia sana ukweli, lakini ukizifuata hatua kwa hatua utaona kwamba ongezeko hupungua kwa nusu nyuzi kila mara, dalili kwamba alizilainisha zifuate mpango wa hesabu. Alikuwa na pembe zilizofasiliwa sawasawa, bila sheria ya kuziunganisha.

Sheria yenyewe ilipatikana Baghdad. Takriban mwaka 984 Ibn Sahl aliieleza kwa mchoro wa pembetatu mraba mbili, kwa kulinganisha urefu wa pande zake, bila kutaja saini hata kidogo. Mchango wake ulitambuliwa upya na mwanahistoria Roshdi Rashed mwaka 1990. Ulaya sheria hiyo ilipatikana tena na Thomas Harriot mwaka 1602 na Willebrord Snel mwaka 1621, ambao hawakuichapisha, na hatimaye ikachapishwa na René Descartes mwaka 1637.

Funzo la mchoro wa namna hiyo kwa Kiswahili ni kubwa. Chora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 10, kitovu chake kikiwa mahali mwale ulipotua. Chora mstari mraba upite kitovuni. Pima umbali kutoka pale mwale unaotua unapokata duara hadi kwenye mstari mraba. Kisha pima umbali kutoka pale mwale uliopinda unapokata duara hadi kwenye mstari huo huo. Kwa pembe ya mtuo ya nyuzi 30 umbali wa kwanza ni sentimita 5.0 na wa pili ni takriban 3.8. Kwa nyuzi 60, umbali ni takriban 8.7 na 6.5. Gawanya wa kwanza kwa wa pili katika kila hali, na jibu litakaribia 1.33. Hakuna neno lililotumika hapa ambalo mwanafunzi wa darasa la saba halijui, na sheria nzima imeshikwa mkononi. Baada ya hapo anaweza kuelezwa kwamba umbali huo, ukigawanywa kwa nusukipenyo, huitwa saini ya pembe.

Na neno saini lenyewe linapaswa kuwatuliza wale wanaoogopa kwamba istilahi isiyo na uwazi itamchanganya mwanafunzi. Katika Kiswahili linagongana na saini ya kutia katika barua. Lakini hata katika Kilatini, sinus lilitokana na mkanganyiko: neno la Kihindi la uzi wa upinde lilihamia katika Kiarabu, herufi zake zikasomwa kama jaib, yaani kifua cha vazi au mkunjo wake, na watarjumani wa Kilatini wakaitafsiri maana hiyo isiyohusika. Hisabati haikuyumba, kwa sababu fasili ilikuwa imara. Vivyo hivyo, hakuna msomaji aliyedhani kwamba nyuzi 30 zilizotajwa hapo juu ni za kushonea. Mgongano wa maana huumiza pale tu fasili inapokosekana.

6.0 Hesabu Inapokataa

Mtihani mkali wa istilahi hutokea hesabu inapogoma kutoa jibu. Tuseme nuru imo ndani ya kioo chenye kielezo cha 1.5 na inataka kutoka kuingia hewani, pembe yake ya mtuo ikiwa nyuzi 50. Saini ya 50 ni 0.766, ikizidishwa kwa 1.5 hupatikana 1.15. Hakuna pembe ambayo saini yake inazidi 1. Kikokotoo kitaonyesha ishara ya kosa. Mwanafunzi aliyekariri kanuni atadhani amebonyeza vibaya, ataanza upya, na atapata ishara ile ile.

Kikokotoo hakina la kumwambia zaidi. Kinachohitajika sasa ni lugha. Mtu anayeelewa kwamba pembe ya mpindo ni pembe ya mwale uliotoka nje atajua kwamba kukosekana kwa pembe hiyo maana yake ni kukosekana kwa mwale huo. Nuru haikutoka, yote imeakisiwa na kurudi ndani ya kioo. Tukio hilo ni uakisi kamili wa ndani. Pembe ya mtuo inayotenganisha kutoka na kutotoka, yaani pembe ya ukomo, hupatikana pale pembe ya mpindo inapofikia nyuzi 90: kwa kioo hicho ni takriban nyuzi 41.8, na kwa maji ni takriban 48.8.

Jambo hili si la darasani pekee. Mwaka 2009 mikonga ya chini ya bahari ya Seacom na TEAMS ilianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Ndani ya mikonga hiyo nuru husafiri katika nyuzi nyembamba za kioo, na hubaki humo kwa sababu kioo cha katikati kina kielezo kikubwa kidogo kuliko tabaka linalokizunguka. Mawasiliano yanayopita Mombasa na Dar es Salaam, yakiwamo maandishi ya Kiswahili, hutegemea hesabu ambayo jibu lake ni kwamba hakuna jibu. Jamii inayoitumia teknolojia hiyo kila siku ina haki ya kuweza kuieleza kwa lugha inayoifikiria.

7.0 Upinde wa Mvua kama Kipimo

Istilahi tatu zilizojadiliwa, yaani uakisi, mpindo na mkengeuko, zinaweza kujaribiwa kwa pamoja katika mfano mmoja ambao kila mzungumzaji wa Kiswahili amekwisha kuuona. Upinde wa mvua hutokea nuru ya jua inapoingia katika tone la maji, ikaakisiwa mara moja nyuma ya tone, kisha ikatoka. Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki takriban mwaka 1319, alilichunguza jambo hili kwa kutumia tufe la kioo lililojazwa maji. Descartes aliikokotoa pembe yake katika kazi aliyoichapisha mwaka 1637.

Mwale unaohusika zaidi ni ule unaotua kwenye tone kwa pembe ya takriban nyuzi 59.4. Pembe ya mpindo ndani ya tone ni 40.2. Kwa hiyo mkengeuko wakati wa kuingia ni 19.2, na wakati wa kutoka ni 19.2 tena. Nyuma ya tone mwale hutua kwa nyuzi 40.2 na kuakisiwa kwa nyuzi hizo hizo, hivyo uakisi huukengeusha kwa 180 kutoa 80.4, yaani 99.6. Jumla ya mkengeuko ni nyuzi 138. Toa katika 180, hupatikana 42: hiyo ndiyo pembe baina ya upinde na kivuli cha kichwa cha mtazamaji aliyelipa jua mgongo. Miale mingine yote inayofuata njia hiyo hukengeuka zaidi ya 138, na ile iliyo karibu na huu husongamana, ndipo upinde unapong'aa.

Aya hiyo haiwezekani kuandikwa ikiwa mpindo na mkengeuko ni kitu kimoja. Wala haiwezekani ikiwa pembe ya uakisi hupimwa kutoka kwenye uso. Kila istilahi imelazimika kushika nafasi yake, na iwapo moja ingelegea, jumla isingefika 138. Huo ndio mtihani ambao orodha ya maneno haiwezi kuutoa.

8.0 Pingamizi na Mapendekezo

Pingamizi la kwanza hudai kwamba ingekuwa rahisi kukopa tu na kusema refraksheni. Kukopa si kosa. Hata akisi ni neno lililokopwa. Lakini pembe ya refraksheni bado inaweza kuwa 7.9, 22.1 au 67.9, na mkopo hausemi ni ipi. Ugomvi baina ya wanaokopa na wanaounda, ambao umekula kurasa nyingi za majarida, haugusi kiini cha tatizo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mitihani ya fizikia katika sekondari, na masomo ya chuo kikuu baada yake, ni kwa Kiingereza. Ya nini kumtaabisha mwanafunzi kwa istilahi ambazo hataulizwa? Jibu ni kwamba mwanafunzi aliyeandika 40.6 hakushindwa na Kiingereza wala Kiswahili. Alishindwa kwa sababu hakuna lugha iliyomwambia kwa ukamilifu pembe inaanzia wapi. Akielezwa jambo hilo kwa lugha anayoimudu, hesabu haitambadilikia atakapokutana nayo kwa lugha nyingine, kwa kuwa namba na alama ni zile zile.

Kutokana na hoja hizi, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila kidahizo cha kipimo katika kamusi ya sayansi kiambatane na fasili inayotaja kinapimwa kutoka wapi hadi wapi, pamoja na mfano mmoja wa hesabu uliokamilika. Pili, kabla istilahi haijasanifiwa ijaribiwe kwa wanafunzi halisi, na majibu yao yasiyo sahihi yahifadhiwe na kuchambuliwa, kwa kuwa kila jibu linaonyesha tundu lake katika fasili. Tatu, wanafunzi wa uzamili katika idara za Kiswahili waelekezwe kutafiti sentensi za sayansi, si nomino zake tu. Kosa la mafuta na maji lilitokana na kivumishi. Na katika hesabu ya mpindo, kubadilisha nafasi za kutoka na kuingia katika sentensi kunageuza kuzidisha kuwa kugawanya.

Mapendekezo haya yanahitaji mwanaisimu na mwalimu wa fizikia wakae meza moja, naye mwanafunzi awe baina yao. Hayahitaji kusubiri sera. Darasa moja, beseni la maji na rula vinatosha kuanza.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba katika hesabu ya pembe za nuru ugumu hautokani na uchache wa maneno ya Kiswahili, bali na ulegevu wa fasili zinazoyabeba. Neno mpindo lina uwezo wa kufanya kazi yake, na mstari mraba pia, mradi yapewe kazi ya kufanya. Taaluma ya istilahi imezoea kujiuliza ni maneno mangapi yameundwa. Umefika wakati wa kuuliza ni mangapi yanayoweza kumfikisha mwanafunzi kutoka nyuzi 60 juu ya uso wa maji hadi nyuzi 22.1 ndani yake, naye akajua kwa nini jibu si 40.6.